Nani Kasema Kijiji Kilikuwa Kimya?

Kuna kichwa cha habari nilichokiandika miaka kadhaa iliyopita ambacho bado kinanisumbua: "Burudani yafika kijijini". Maneno matatu tu. Mhariri alikipenda, hakugusa hata herufi. Habari yenyewe ilikuwa fupi, aya sita na picha moja ya msanii akiwa juu ya lori, mkono hewani, watoto wamejaa chini yake. Kijiji ni cha upande wa mama yangu, wilayani Kwimba, na nilikwenda kule kwa nauli ya ofisi, nikalala kwa mjomba.

Wiki mbili baadaye mjomba alinipigia. Kuna mtu alikuwa amefungia sukari kwa ukurasa ule, akausoma. Hakuwa na hasira. Aliniuliza swali moja: "Mpwa wangu, hiyo burudani uliyoandika imefika, kabla ya hapo sisi tulikuwa tunafanya nini?"

Nilicheka, nikabadilisha mada. Makala haya ndiyo jibu langu, na limechelewa sana.

Nianze na siku yenyewe. Lori lilikuja siku ya gulio, kampuni iliyokuwa inauza laini za simu imeligeuza ubavu wake kuwa jukwaa. Spika ndefu kama milango, jenereta, mshereheshaji mwenye sauti ya kukwaruza. Wiki moja kabla, watu wa kampuni walipita kwa mwenyekiti wa kijiji wakaahidi kwamba kikundi cha ngoma cha pale nacho kitapewa nafasi. Mjomba anapiga ngoma katika kikundi cha bugobogobo, ile ngoma ya majembe, ambayo mizizi yake iko shambani: watu wanalima kwa pamoja, ngoma inawapa mwendo, mikono inashuka kwa mapigo. Walifanya mazoezi siku nne.

Nafasi waliyopewa ilikuwa dakika saba. Tena walipewa wakati mafundi mitambo wanapanga nyaya, yaani muda ambao kwa vyovyote vile usingetumika. Hawakuruhusiwa kupanda lorini, eti majembe yatakwaruza sakafu. Maiki moja iliwekwa mbele ya mwimbaji, ngoma kubwa zikabaki bila kitu, njuga zikabaki bila kitu. Walipofika pale ambapo majembe yanarushwa na kudakwa, fundi akajaribu mitambo kwa kufungulia wimbo. Ngoma zikafunikwa. Wachezaji wakatazamana, wakamalizia kwa adabu, wakatoka.

Kisha akaja msanii. Aliimba nyimbo nne juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa, pleibeki kama tunavyoiita. Kuna mahali aliteremsha maiki ili awape mkono watoto, na sauti yake ikaendelea kuimba bila yeye. Hakuna aliyezomea. Nami nikaandika kwamba burudani imefika.

Sasa, kabla mtu hajanirukia: siandiki haya ili kumponda msanii wa Bongo Fleva. Binamu yangu, aliyekuwa na miaka kumi na sita, alikuwa amekariri nyimbo zote nne. Alipopewa mkono hakuunawa mpaka jioni. Furaha ile ilikuwa ya kweli, na mtu yeyote anayedhani kijana wa kijijini anapaswa kufurahia ngoma ya babu yake peke yake anamfanya awe sanamu ya makumbusho. Ana haki ya kumwona kwa macho yake mtu anayemsikia redioni. Suala langu ni lile neno "yafika", na lile neno jingine tunalolipenda kwenye maandiko ya miradi: "kupeleka". Kupeleka muziki vijijini. Kinachopelekwa ni kile ambacho hakipo. Ukishasema unapeleka, umeshahukumu kwamba kule unakokwenda kuna ukimya.

Nadhani fasihi yetu nayo imechangia kutufundisha hivyo. Chukua kitabu tulichokipenda wengi wetu, *Wasifu wa Siti binti Saad* cha Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika familia ya wafinyanzi, akauza vyungu akitembea huku akiimba, akahamia mjini mwaka 1911, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Ni safari ya ajabu, na Shaaban Robert anaifuata kwa heshima ambayo wanamuziki wachache wa Afrika Mashariki wamewahi kuipata kwenye maandishi. Ila angalia mwelekeo. Shamba, mji, ng'ambo ya bahari. Fumba ni mahali pa kutokea. Hatuambiwi kwa kirefu ni nani aliyekuwa akiimba Fumba kabla yake, wala ni nani aliyebaki akiimba baada ya yeye kuondoka. Simlaumu mwandishi, maana alikuwa anaandika maisha ya mtu mmoja. Lakini sisi tuliokuja nyuma yake tumelichukua umbo lile tukaligeuza sheria: muziki huzaliwa kijijini, hukua mjini, na kijijini hurudi kama zawadi.

Halafu kuna shairi la Ebrahim Hussein, "Ngoma na Vailini". Shuleni tulifundishwa kulisoma kama mgogoro wa jadi na usasa, mtu mmoja anavutwa na sauti mbili huku na huku. Tukajibu maswali ya mtihani, tukapata alama zetu. Siku ile gulioni nililikumbuka nikaona kwamba usomaji ule unatosha kwa mtihani tu. Mvutano wa shairi unakaa ndani ya moyo wa mtu mmoja, na ndani ya moyo sauti zote mbili zina nguvu, ndiyo maana anateseka. Uwanjani hali ni tofauti. Uwanjani kuna swichi, na kuna mtu anayeishika. Ngoma ya mjomba haikushindwa na muziki wa kisasa. Ilizimwa na fundi aliyekuwa anajaribu spika, na fundi mwenyewe wala hakujua kama amezima kitu. Tukiendelea kuliita hilo "mgogoro wa jadi na usasa" tunampa msamaha mtu aliyepanga ratiba.

Na ratiba ina historia. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, nia ilikuwa kurudisha heshima ya ngoma baada ya miaka mingi ya kuambiwa kwamba ni ushenzi. Heshima ilirudi kweli. Kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu 2007 tunakiita TaSUBa. Lakini ili ngoma ipande jukwaa la taifa, ilibidi ikatwe. Ngoma ya usiku mzima ikawa ya dakika chache, mduara ukawa mstari unaomtazama mgeni rasmi, nyimbo zikabadilishwa maneno ili zisifu. Kelly Askew ameyaandika mengi ya haya katika *Performing the Nation*, kitabu cha mwaka 2002 kinachoonyesha jinsi ngoma, dansi na taarabu zilivyotumika kulijenga taifa. Kwa hiyo dakika saba za lori la laini za simu hazikutoka mbinguni. Kampuni ilirithi tabia ya kuiona ngoma kama kitu cha kujazia muda kabla ya hotuba. Tofauti ni kwamba hotuba sasa ni ya bei ya vifurushi.

Hata hivyo historia hiyohiyo ina mfano mwingine, na upo wilayani Kwimba kwenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando na wenzake wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda Malya. Hawakwenda na mchezo mfukoni. Walikaa, wakauliza, wanakijiji wenyewe wakataja kinachowauma, likiwemo tatizo la wanafunzi wa kike kupata mimba, kisha maonyesho yakatengenezwa kwa ngoma na nyimbo za palepale, na baada ya onyesho watu wakabishana. Ameyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1991 kuhusu sanaa za maonyesho na maendeleo. Unaweza kusema yale yalikuwa maigizo, si tamasha la muziki, na yalikuwa na ajenda. Sawa, lori nalo lilikuwa na ajenda. Ninachokitaka pale ni mpangilio wa hatua tu: swali kwanza, jukwaa baadaye.

Ila mwalimu wangu mkubwa katika jambo hili ni Bulabo.

Kwa ambaye hajawahi kufika: Bujora iko Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza ukielekea Musoma, mahali penye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na padre David Clement. Kila mwaka baada ya mavuno, mnamo mwezi Juni, hufanyika mashindano ya ngoma yanayoambatana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu. Neno bulabo ni maua, na jina limetokana na maua ya maandamano ya sikukuu ile. Vikundi vinatoka katika pande mbili zenye upinzani wa tangu enzi za mababu, Bagika na Bagalu. Mjomba ni Mgalu, na ukitaka kumkasirisha msifie Mgika mbele yake.

Sasa sikiliza wanavyoshindana. Hakuna kikundi kinachosubiri kingine kimalize. Vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watazamaji wapo katikati. Ukivutiwa na hawa unakimbilia huku. Wale wakitoa kituko kipya, nyoka hai, mchezaji juu ya miti mirefu, wimbo wa kejeli unaomchoma mtu fulani, umati unahama mbio kuelekea kule. Anayepata watu wengi ndiye mshindi.

Mimi ni mtu ninayelipwa, kidogo lakini ninalipwa, kuandika uhakiki. Sijaona uhakiki mkali kuliko ule. Hakuna kukaa kwenye kiti kwa sababu umelipa kiingilio, wala kupiga makofi kwa sababu mgeni rasmi amepiga. Mguu wako ndio kalamu. Manju akiishiwa maneno anaona kwa macho yake migongo ikigeuka. Ndiyo maana manju wa Kisukuma hawezi kuimba wimbo wa mwaka jana bila kuugeuza; watu watamwacha. Kijiji tunachodhani kimekaa kikisubiri kupelekewa burudani kina watazamaji waliozoea kukimbia.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku ya lori hakuna aliyezomea. Nilidhani ni kwa sababu hawajui tofauti ya kuimba na pleibeki. Wanajua sana. Ila lori lilikuwa limekaa peke yake, hakukuwa na upande wa pili wa kukimbilia. Mtazamaji aliyezoea kuhukumu kwa miguu alinyimwa mahali pa kuipeleka.

Lakini hukumu ilikuja. Hili sikuliandika kwenye gazeti, kwa sababu nilikuwa nimeshatuma habari yangu nikaona kazi imekwisha. Lori liliondoka kabla ya magharibi. Watu hawakutawanyika. Ngoma zikatolewa tena, mduara ukafungwa palepale kwenye alama za matairi, na bugobogobo ikapigwa mpaka mwezi ukawa juu kabisa. Kijana mmoja akaingia katikati ameshika gunzi la hindi kama maiki. Alifungua mdomo, akaufunga, na mtu aliyejificha nyuma ya ngoma akamwimbia. Kijana akateremsha gunzi ili awape watu mkono, sauti ikaendelea. Kilichotokea pale siwezi kukieleza, watu walilala chini kwa kucheka. Binamu yangu, ambaye bado hajanawa mkono, alicheka kuliko wote. Manju akatunga wimbo papo hapo kuhusu mgeni ambaye roho yake inaimba mwili ukiwa umepumzika. Msimu uliofuata wimbo ule ulikuwa umeshavuka vijiji vitatu.

Huo ndio uliokuwa uhakiki wa tamasha lile, kamili, wenye mfano, wenye ucheshi, wenye hoja kuhusu kilicho hai na kisicho hai jukwaani. Nami mwandishi wa habari za sanaa nilikuwa nimekaa pembeni nikitafuta mtandao wa kutuma picha.

Kuna watu wanaofanya vizuri zaidi, na haifai kulalamika bila kuwataja. Chamwino, Dodoma, kumekuwa na Tamasha la Muziki wa Cigogo tangu 2009. Wagogo wana historia inayofanana na ya Siti kwa namna yake: marehemu Hukwe Zawose aliichukua ilimba na zeze akazungusha dunia nzima, santuri zake zikatolewa Uingereza na Real World, na kuna wapenzi wa muziki huko Ulaya wanaolitambua zeze lake kwa sekunde mbili. Wazo la Chamwino linakwenda kinyume na safari hiyo. Vikundi vya vijijini ndivyo wenye shughuli, wanawake na muheme zao, watoto pia, na anayetaka kusikia ndiye anayepanda basi. Mgeni anakaa vumbini kama wengine. Si kwamba hakuna jukwaa wala mitambo, ila hapo muziki wa wenyeji ndio sababu ya siku yenyewe. Haujazii muda wa mtu.

Najua hoja itakayofuata, maana nimeisikia kwa wadau wengi: mzee, hayo ni mazuri, lakini nani atalipa? Kampuni ina pesa, ina lori, ina jenereta. Kikundi cha mjomba kina majembe. Ni kweli. Sisemi malori yasije. Nasema kwamba tofauti kati ya lori lile na onyesho la heshima si pesa nyingi. Ni maiki tatu badala ya moja, na fundi anayeuliza sauti ya njuga inatoka wapi kabla hajaanza kufunga nyaya. Ni kuja Julai au Agosti watu wameshavuna, siyo Novemba watu wanapanda, ukashangaa mbona wanaume hawapo. Ni kuteremka kwenye lori kama ngoma ya pale inachezwa chini, kwa mduara. Ni malipo yanayokabidhiwa kikundi mkononi siku hiyohiyo, siyo fulana. Na ni msanii wa mjini kuja na mpiga gita mmoja tu wa kweli, aimbe kwa koo lake, akosee kama mtu, kisha ngoma imdake. Hilo la mwisho hata mimi ningepanda basi kwenda kuliona.

Kwetu sisi tunaoandika kuna deni jingine. Nyimbo za kazi za Wasukuma zimekusanywa na kufafanuliwa vizuri sana na Frank Gunderson katika kitabu kikubwa cha mwaka 2010, kwa Kiingereza. Namshukuru. Lakini najiuliza, wimbo wa gunzi la hindi nani ameuandika kwa Kiswahili, lini, wapi? Tunahakiki riwaya zinazosomwa na watu mia tatu. Wimbo uliovuka vijiji vitatu kwa miguu hatuuoni kama fasihi mpaka mtu aurekodi studio. Waalimu wetu walituambia fasihi simulizi ni fasihi. Tulikubali kwenye mtihani, kisha tukaingia kazini tukaanza kuandika "wenyeji wakitumbuiza".

Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyoandika. Nilirudi kuisoma tena habari yangu ile. Jina la msanii limo mara tano. Jina la kampuni mara tatu. Mwenyekiti wa kijiji yumo, diwani yumo. Kikundi cha mjomba kimo mara moja, katika aya ya mwisho: "kikundi cha ngoma cha wenyeji". Hakina jina. Wapigaji wanne, waimbaji, watu kumi na wawili wenye majembe, hawana majina. Nililala nyumbani kwa mmoja wao, nikala ugali wake na migebuka, na nikashindwa kuandika jina lake gazetini.

Nilipoanza kuandika makala haya nilimpigia nikamwomba ruhusa nimtaje hapa, yeye na kikundi, majina yote, nirekebishe. Akanyamaza kidogo. Akauliza hii blogu inasomwa wapi. Nikamwambia kwenye intaneti, kwenye simu. Akauliza kama kuna mtu anaweza kufungia sukari kwa hiyo intaneti. Nikasema hapana.

"Basi usinitaje," akasema. "Jina langu ukaliandike kulekule ulikoliacha."

Nimeshamwandikia mhariri. Bado sijajibiwa.